Ramani ya Lamu Iliyochorwa Karagita

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Karagita sikulaumu. Mimi mwenyewe, pamoja na kuzunguka kwangu kote kwa kazi hii ya kalamu, sikuwa na haja nako mpaka dada yangu aliponipigia simu kutoka Siyu akaniambia: "Kaka, nenda kanitazamie mwanangu. Kila nikimuuliza lini atarudi hunijibu habari za baridi." Mjomba ndiye mama wa pili, na dada huyu hajapata kunituma jambo nikakataa. Basi nikatia nguo mbili mkobani, nikapanda gari la moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi nikabanwa katika matatu iliyoteremka Bonde la Ufa kwa mbio ambazo zilinimalizisha nyiradi zangu zote kabla hatujafika Mai Mahiu.

Karagita iko kando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Ukitoka mjini Naivasha ukaishika barabara ya kusini mwa ziwa, unaifikia baada ya mwendo mfupi tu. Upande mmoja wa barabara ni nyumba, upande wa pili ni mashamba ya maua yaliyofunikwa plastiki nyeupe kama sanda, na nyuma ya mashamba ndilo ziwa. Nyumba zenyewe ni za ploti: safu mbili za vyumba zinazotazamana, kamba za nguo katikati, choo kimoja mwisho. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi, kwani maji ya visima vya pande hizo yana madini ya floraidi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Usiku ni baridi ya kumtoa mtu wa pwani machozi. Ziwa lile liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mimi maisha yangu yote nimekaa mahali ambapo bahari yenyewe ndiyo usawa.

Na watu? Katika ploti ile moja nilihesabu Mluo, Mkisii, Mluhya, Mturkana na Mkikuyu, na mlango wa sita ndio wa mpwa wangu, Mswahili wa Siyu, kijana wa miaka ishirini na saba. Wote wameletwa na waridi. Mpwa wangu alikuwa mvuvi, tena mfumaji nyavu hodari; mashine ya mashua ikamfia, deni la duka likamsonga, akaondoka. Sasa mikono ile iliyokuwa ikifuma jarife hupanga waridi kwa urefu wa shina, kumi na kumi, ishirini na ishirini, yakasafirishwa kwa ndege usiku kwenda Uholanzi. Hakukonda. Chumba chake kilikuwa safi, msala umekunjwa vizuri, na juu ya jiko palikuwa na samaki wa ziwani katika mchuzi wa nazi. Nazi aliitoa wapi, sikumuuliza.

Jambo lililonifanya niiandike makala hii lilitokea jioni ya pili. Mtoto wa jirani, wa umri wa miaka kumi au kumi na moja, alikuja na daftari lake kumwomba mpwa wangu amsaidie. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kutaja kaunti 47 za Kenya na jambo moja la kila kaunti. Kwa Nakuru, ambayo ni nambari 32, alikwisha kuandika ziwa, maua na mvuke wa Olkaria. Kwa nambari 5, Lamu, aliandika: "Iko Mombasa."

Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mtoto alete kipande cha kartoni, na zile kartoni za maua zimezagaa kila mahali huko, nikaokota kaa jikoni, nikakaa chini kizingitini. Kuandika kwa kaa hakunipi taabu. Chuoni Siyu tulianza kwa ubao na wino wa masizi, na mwalimu kasimama juu ya vichwa vyetu na bakora yake. Watu wa ploti wakaanza kukusanyika mmoja mmoja, kwani Karagita jioni mzee akichora kitu kwa kaa huwa ni tamasha.

Nilianza na bara. Watu wengi, hata wa Mombasa, wakisikia Lamu hudhani ni kisiwa tu, kumbe sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti ile ni bara, kutoka mpaka wa Tana River hadi mpaka wa Somalia. Nikatia Witu, aliyotawala Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, na ambayo kati ya 1885 na 1890 ilikuwa chini ya himaya ya Wajerumani kabla ya kukabidhiwa Waingereza. Nikatia Mokowe, mahali pa kuvukia. Nikapaka msitu wa Boni, maskani ya Waaweer, watu wa asali na mishale, ambao wako katika nchi ile tangu kabla ya wengi wetu. Juu kabisa nikatia Kiunga, na bahari yake iliyowekwa kuwa hifadhi tangu 1979.

Kisha nikaingia visiwani, na hapo, nakiri, mkono ulichangamka. Kisiwa cha Lamu, ambacho sisi twakiita Amu, na mji wake wa mawe ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Pembeni Shela, na upande wa pili Matondoni kwa mafundi wa vyombo, na Kipungani. Mbele yake Manda, wenye uwanja wa ndege na magofu ya Takwa. Baina ya Manda na bara upo mlango mwembamba wa Mkanda, ambao wazee wetu waliupita kwa kungoja maji yajae, na aliyechelewa akakaa topeni na abiria wake mpaka majira mengine. Halafu Pate, kisiwa kikubwa kuliko vyote, nacho nikakichora kikubwa kuliko haki yake maana ndiko kwetu: Pate yenyewe, Siyu na ngome yake, Faza, Tundwa, Mbwajumwali, Kizingitini. Nikawaonyesha Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo kabisa ukiwa wa karne ya 8. Nikamaliza na Ndau na Kiwayu. Na pambizoni mwote nikapiga vistari vya mikoko, kwani zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima imo katika maji yale.

"Barabara ziko wapi?" akauliza Mkisii, mtu wa kufikiri.

Nikamwonyesha mahali palipokuwa peupe. Barabara ni haya maji. Mtu wa Kizingitini akitaka kufika Amu hutazama kwanza mwezi, ajue kama ni bamvua au maji mafu, kisha upepo, kusi au kaskazi, kisha mfuko wake. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku na mambo yakawa mazito, mumewe hatafuti gari, hutafuta nahodha na petroli. Katika Nakuru mtu akiwa na shida na wakubwa wake hupanda matatu kwenda mji wa Nakuru, kilomita takriban 70 kutoka Naivasha, akarudi siku hiyo hiyo. Kwetu safari ya ofisini yaweza kula siku mbili, na ofisi ikiwa imefungwa, siku nne.

Sasa tuseme juu ya serikali, kwa sababu hapo ndipo mtoto aliponiuliza swali zuri: "Nani mkubwa wa huko?"

Zamani, nilimwambia, kila mji ulikuwa na wakubwa wake. Pate walitawala masultani wa Kinabahani. Amu hawakuwa na sultani. Walikuwa na baraza la wazee lililoitwa Yumbe, na vikundi viwili, Zena na Suudi, vikipokezana uongozi. Siyu walikuwa na mashekhe, na Bwana Mataka ndiye aliyejulikana zaidi. Mkewe, Mwana Kupona binti Mshamu, ndiye yule mshairi ambaye mabinti wa pwani hulelewa kwa utendi wake. Baadaye ikaja mikono ya Sultani wa Unguja, na kuanzia 1895 Waingereza wakatawala kwa jina lake, kwa maliwali na mamudiri. Mwaka 1963 tukaingia Kenya huru, tukawa wilaya yenye DC. Na baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 tukawa kaunti, yenye gavana, bunge la kaunti, maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi, na wadi 10. Gavana wa kwanza alikuwa Issa Timamy. 2017 akashindwa na Fahim Twaha, na 2022 akarudi. Ofisi za serikali ya kaunti, kwa kuwa bara ndiko kunakofikika kwa gari, zimejengwa Mokowe. Nakuru wao wana maeneo bunge 11 na wadi 55.

Hebu zilinganishe kaunti hizi mbili. Kwa ardhi hazipitani sana: Lamu ni zaidi ya kilomita za mraba 6,000, Nakuru zaidi ya 7,000. Lakini katika hesabu ya watu ya 2019, Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202, na Lamu 143,920, chache kuliko kaunti zote 47. Maana yake, kwa kila mtu mmoja wa Lamu kuna watu kumi na watano wa Nakuru. Na fedha hufuata watu. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Lamu ilipata kama shilingi bilioni 3.1 katika mgawo wa taifa, fungu dogo kuliko yote, na Nakuru bilioni 13.

Hapo mtu atasema ni haki, wachache wapewe kichache. Mimi sibishani na hesabu, nabishana na kipimo. Fomula iliyoanza kutumika mwaka ule ilitenga asilimia 18 kwa idadi ya watu, asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi, na asilimia 8 nyingine kwa shida ya barabara vijijini. Ya ardhi ilikuwamo, ya barabara ilikuwamo. Ya bahari haikuwamo. Mashua, gati, petroli, nahodha wa usiku, yote hayo ambayo kwa watu wa visiwani ndiyo barabara, hayakupewa fungu lake. Na kazi zenyewe zimegawanywa namna ya kushangaza: Katiba, katika Jedwali lake la Nne, imeipa kaunti vivuko na bandari, kisha ikaondoa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa, ukabaki kwa serikali kuu. Alhasili, gati la mbao la kijiji ni la kaunti, na bandari mpya ya Lamu katika ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ni la taifa. Wavuvi waliokuwa wakivua katika ghuba ile walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, na tarehe 30 Aprili 2018 mahakama ikaamua walipwe kiasi cha shilingi bilioni 1.76, wao wakiwa watu 4,600 hivi. Hukumu ile ilisema jambo ambalo wazee wetu hawakupata kuliona limeandikwa: kwamba uvuvi wao ni haki yao, na kwamba walipaswa kuulizwa.

(Na kabla ndugu zangu wa Mombasa hawajaniandikia barua: naam, bandari ya nchi kavu ya Naivasha niliiulizia. Haiko Karagita, na mimi sikwenda kwa habari zake.)

Yule mtoto, ambaye nadhani atakuwa wakili, akauliza kama duniani kuna kaunti nyingine za visiwa. Zipo. Katika Bahari ya Pasifiki, kwenye jimbo la Marekani la Hawaii, alikozaliwa Barack Obama mwaka 1961, kaunti zote ni za visiwa. Kaunti ya Maui, kwa mfano, ni visiwa vinne, Maui, Molokai, Lanai na Kahoolawe, nayo hutawaliwa kutoka mji wa Wailuku, na meya mmoja na baraza moja. Lakini kipande cha Molokai kimekatwa kando kikawa kaunti peke yake, Kalawao, isiyo na meya wala baraza: iko chini ya idara ya afya ya jimbo, kwa sababu tangu 1866 hadi 1969 huko ndiko walikotengwa watu wenye ukoma. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa na wafalme wao, mpaka malkia wao alipopinduliwa mwaka 1893 na Marekani ikavitwaa 1898. Wenye mashamba ya miwa walikuwa wakileta vibarua kutoka China, Japani, Ureno na Ufilipino, maelfu kwa maelfu, na huku maradhi yaliyokuja na meli yakiwapunguza wenyeji. Shamba kubwa la mwisho la miwa, huko Maui, lilifungwa 2016. Miwa imekwisha, wajukuu wa vibarua wako, na wenyeji wa asili wamebaki wachache katika visiwa vya babu zao.

Nililisema hilo kwa uchungu, na sitaficha kwa nini. Mtu wa Lamu akisikia habari za Hawaii hafikirii Hawaii.

Nyuma ya watu alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kikuyu, mwenye miaka sabini na kitu, auzaye mboga mbele ya ploti; kila mtu pale humwita Shosho. Alikuwa kimya muda wote akichambua majani ya kunde. Akaniuliza, "Hao waliokwenda kulima miwa, walikwenda kwa kupenda?"

Nikamjibu, "La, Shosho, wengi walikwenda kwa njaa."

"Hm," akasema. Kisha akainuka, akaja akainama juu ya kartoni yangu, akaitazama kwa makini, kidole kikipita juu ya Witu, juu ya Mokowe, bila kugusa. "Na dada yangu yuko wapi hapa?"

"Dada yako?"

"Dada yangu yuko Lamu. Alikwenda na mumewe mwaka wa sabini na tatu. Mpeketoni."

Msomaji, sikuwa nimeitia Mpeketoni. Nilitia magofu ya Takwa, yasiyo na mtu, nikatia Shanga, ambako hukai ila popo na mibuyu, na mji ule wenye maelfu ya watu, wenye soko na shule na pamba na mahindi, sikuutia. Naapa sikukusudia. Lakini kaa lilikuwa mkononi mwangu, si mwa mtu mwingine.

Nieleze kwa wasiojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifungua skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta, bara ya Lamu, ikagawa mashamba, na waliogawiwa wengi walikuwa Wakikuyu wasio na ardhi kutoka bara. Malalamiko ya watu wetu juu ya jambo hilo ni ya kweli, nami nimeyaandika mara nyingi na nitayaandika tena. Miaka ya 1960, katika vita vya Shifta, Wabajuni walikimbia vijiji vyao vya bara ya Kiunga wakajazana visiwani, na wengi hawakupata kurudi. Walio na makaburi ya babu zao katika ardhi ile hawana hati, na aliyeshushwa kwenye lori akapewa. Hilo ni jeraha. Lakini yule aliyeshushwa kwenye lori mwaka 1973 ni mtu gani? Kila siku nilikuwa nikimwandika kwa jina moja, "walowezi". Sasa dada yake alikuwa amesimama mbele yangu na majani ya kunde mkononi.

Akanieleza kwamba dada yake amezika mume huko, na mwana. Mwana aliuawa Juni 2014. Usiku wa tarehe 15 mwezi ule watu wenye silaha waliingia Mpeketoni wakaua wanaume, na siku zilizofuata wakaua tena vijiji vya jirani. Waliokufa walipita sitini, na Al-Shabaab wakasema ni wao. Nayakumbuka masiku yale kwa upande wetu: amri ya kutotoka usiku, wavuvi kuzuiwa kuvua gizani, vijana wa Kiislamu kuchukuliwa na wengine kutorudi. Kwa upande wa dada yake Shosho sikuwa nimeyakumbuka sana. Nilimpa mkono nikamwambia pole, miaka yote hiyo baadaye. Akaipokea.

Mluo wa mlango wa kwanza, ambaye hajasema neno tangu jioni ianze, akasema yeye Januari 2008 alikuwa hapa hapa. Katika siku zile, baada ya uchaguzi wa 2007, Naivasha kulikuwa na mauaji, na kuna nyumba iliyotiwa moto watu wakiwa ndani. Yeye alikimbilia kituo cha polisi, akapelekwa kwao, akakaa miezi saba. "Halafu?" nikamuuliza. "Halafu nikarudi. Kazi iko huku." Hakuna aliyeongeza kitu. Shosho akarudi kwenye kunde zake.

Nikachukua kaa, nikatia Mpeketoni, na ziwa lake karibu. Nilijaribu kulichora ziwa vizuri.

Usiku, tukisha kuswali Isha, mpwa wangu aliniambia kilichomfanya awe mgumu kwa mama yake kwenye simu. "Mjomba, nataka kuhamisha kura yangu. Niiandikishe huku kwa ajili ya 2027." Jina lake liko Lamu Mashariki. Mwaka 2022 hakupiga kura, maana kutoka Karagita hadi Siyu ni matatu, gari la moshi, basi, kisha boti, na likizo haitoshi. "Anayetengeneza taa za njia hii ni Nakuru. Anayeniletea maji, Nakuru. Njia ya kwenda ziwani ikifungwa, nitamlilia mwakilishi wa wadi wa hapa. Wa kwetu atanisaidia nini?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Kwetu watu ni wachache, kura mia mbili zaweza kumuinua mtu au kumuangusha, na kila kijana anayeondoka na kura yake ni kama amepunguza kisiwa. Hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikumbuka pia ni mara ngapi nimekaa barazani Amu na wazee tukinung'unika kwamba watu wa Mpeketoni wamejiandikisha kwa wingi, watatuchagulia wakubwa, si wa hapa hawa. Walijiandikisha wanakokaa. Kama mpwa wangu ana haki hiyo Naivasha, kwa mdomo gani nitamnyima mpwa wa Shosho kule Lamu? Na kama namnyima yule, basi huyu wangu naye akae kimya katika chumba chake cha mabati, apange maua, alipe kodi, asiulizwe neno. Katiba haikuandika kaunti kwa jina la kabila lolote, iwe Nakuru au Lamu. Jeraha la ardhi yetu lina dawa zake, za tume na mahakama na hati, nami sitaacha kuzidai. Kura ya mtu mahali anapolala ni jambo jingine.

Nilikaa kimya muda mrefu hata akadhani nimelala. Kisha nikamwambia, "Wewe ni mtu mzima. Fanya uonavyo." Ni maneno madogo, na yalinigharimu.

Asubuhi alikuwa na mapumziko, akanipeleka ziwani. Huwezi kulifikia popote upendapo: ufuo mwingi uko nyuma ya nyua za mashamba na hoteli, na sehemu za watu wote ni chache. Ya Karagita ni mojawapo. Tukapita njia, tukatokea penye mashua kama thelathini, wanawake wanaopaa samaki, na korongo wakubwa wanaosubiri matumbo. Naivasha ni neno la Kimaasai, Enaiposha, maji yanayochafuka. Asubuhi lilikuwa limelala kama kioo, lakini wavuvi walikuwa wakiharakisha kurudi, maana alasiri upepo hupanda na mawimbi nayo. Nguzo za ua wa zamani zilikuwa zimesimama ndani ya maji. Tangu 2020 ziwa limejaa kupita mipaka, na watu wa mtaa wa Kihoto, karibu na mji, wamehama nyumba zao zaidi ya mara moja. Mbele yetu kilikuwa kisiwa cha Crescent, ukingo wa volkeno ya zamani. Maji yakipungua hushikana na bara, yakijaa hukatika. Nikamwonyesha mpwa wangu. Akasema amekwisha kukiona, wala hakihitaji kueleza kwangu.

Alikuwa akitazama mashua. Aliipita moja akainama, akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao. "Hii haikutiwa kalafati sawasawa," akamwambia mwenyewe. "Itakunywesha maji." Yule mtu, Mluhya, akamjibu kwamba fundi wa huku hajui zaidi ya hapo. Wakaanza kuzungumza habari za pamba, mafuta, na patasi. Mimi nikakaa juu ya jiwe. Walipomaliza walikuwa wameagana Jumapili, na mpwa wangu ameahidi kuja na vyombo vyake, na bei imekwisha kutajwa.

Siku ya kuondoka kartoni ilikuwa bado imeegemezwa ukutani kwa Shosho, juu ya meza ya mboga. Mtoto alikwisha kuinakili katika daftari. Alipata kumi katika kumi, lakini mwalimu alimsahihisha "Siyu" akaandika "Siu", na mimi nilimwambia asihuzunike, hata sisi wenyewe hatujakubaliana.

Nilimpigia dada simu kutoka kituo cha matatu. Nikamwambia mwanawe ni mzima, anaswali, anakula vizuri, chumba chake ni kisafi, amepata kazi ya pili ya ufundi wa mashua.

"Mashua? Huko bara?"

"Kuna ziwa."

Akanyamaza kidogo. "Na atarudi lini?"

Nikamwambia atakuja Idi, akipewa likizo. Habari za kura sikumwambia. Hiyo ni yake mwenyewe kuisema.